Gari Likigonga Mbele: Kupima na Kubadilisha Boljointi

Gari likianza kugonga mbele, hapa Mombasa hukosi wa kukupa jibu. Ukifika gereji, kijana aliyekalia ndoo atakwambia "ni bol hiyo, bosi" kabla hujazima injini. Jirani atasema shoki. Dereva wa matatu atasema linki, na atakuapia. Yeyote kati yao anaweza kuwa amesema kweli, maana vyuma vya chini ya gari hugonga kwa sauti zinazokaribiana sana. Kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye kupima kuliko kufungua. Kutia boljointi mpya ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye spana na subira. Pesa hupotea pale unapobadilisha kitu kizima na kuacha kilichokufa.

Boljointi yenyewe ni tufe la chuma lenye shingo, limekaa ndani ya kikombe cha chuma chenye grisi, na limefunikwa buti ya raba ili maji na mchanga visiingie. Kwa magari mengi madogo, kikombe hufungwa kwenye amu ya chini, ule mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na gari, na shingo huingia kwenye nako, kile chuma kizito kinachobeba habu ya gurudumu. Kwa kuwa tufe linageuka kila upande, gurudumu linaweza kupanda tuta huku linakata kona.

Kinachoiua si umri peke yake. Buti ikipasuka hata kidogo, grisi hutoka na mchanga huingia. Barabara za ndani za Kisauni na Mtopanga zina vumbi la mawe ya matumbawe ambalo husaga chuma vizuri sana, na masika ikifika vumbi hilo hugeuka tope jeupe linaloganda kila pembe. Ongeza chumvi. Gari linalovuka Likoni kila siku hukanyaga maji ya bahari pale feri inapotua, na lililolala miaka kadhaa Nyali au Bamburi karibu na ufuo, bolti zake za chini haziji kwa hiari. Mafundi wengi watakwambia pia kwamba upande wa kushoto hutangulia kufa. Ni jambo la kuaminika: sisi huendesha kushoto, na mashimo mabaya na kingo zilizomegeka ziko pembeni mwa lami.

Dalili zake

Sauti yake ni nzito na chache: "ko... ko", unapopita tuta polepole, unapoingia shimoni, au unapokata usukani gari likiwa karibu kusimama, tuseme ukiegesha. Ikikauka grisi hulia tofauti, mlio mrefu wa kukwaruza kama bawaba ya mlango wa zamani, hasa asubuhi. Barabara iliyonyooka usukani huanza kutangatanga na unajikuta unaurekebisha kila mara. Tairi nalo hulika upande mmoja, mara nyingi wa ndani, hata kama alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ilifanywa majuzi.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kuihukumu. Kuna vitu vingine vinavyofanana nayo, na viwili vitatu ndivyo vinavyowapotosha watu zaidi.

Linki ya stabilaiza, kile kijiti kinachoshika ba ya kuzuia gari lisilale kwenye kona, ndiyo ya kwanza. Kwa Toyota ndogo nyingi zinazozunguka mjini, kugonga kwa mbele mara nyingi ni linki, si boljointi. Sauti yake ni nyepesi na ya haraka, "taka-taka-taka", kwenye barabara yenye vijishimo vidogo vidogo ambako gurudumu moja linapanda lingine likishuka. Kipimo chake ni rahisi na hakigharimu kitu: fungua linki zote mbili, zifunge kwa waya zisiguse chochote, kisha pita polepole palepale panapogonga siku zote. Kukiwa kimya, umempata mwizi wako. Usiende mbali wala usikimbize, kwa sababu bila linki gari hulala sana kwenye kona.

Ya pili ni mauntingi ya shoki, pale shoki inaposhikana na bodi kwa juu. Gari likiwa limesimama chini, shika springi kwa kiganja huku mwenzako akizungusha usukani pole pole. Ukihisi springi inajikunja kisha inaruka ghafla, tatizo liko juu, si chini.

Sivi jointi, kiungo cha drafti shafti inayozungusha gurudumu, haifanani sana ukishaijua: hukata "kata-kata-kata" ukiwa umekunja usukani mpaka mwisho na unakanyaga mafuta, na hunyamaza ukiachia. Bushi za amu, zile raba zinazoishikisha amu kwenye gari, hugonga mara moja unapofunga breki na mara nyingine unapoondoka. Bering ya gurudumu hainaga kugonga mwanzoni. Huvuma, na mvumo huongezeka kadiri unavyoongeza kasi.

Kupima kwa mkono

Tafuta mahali pagumu na sawa. Uani kwetu wengi ni mchanga, na jeki juu ya mchanga huzama upande mmoja bila kukuaga. Weka ubao mnene au kipande cha pevmenti chini ya jeki na chini ya stendi pia. Vuta hendibreki, tia mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, inua, kisha shusha gari likae kwenye stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, haijalishi fundi wa jirani amefanya hivyo mara ngapi.

Kabla ya kuinua, jua springi ya gari lako imekalia wapi, kwa sababu ndipo panapoamua jeki ikae wapi. Ikiwa imezunguka shoki na kupanda mpaka juu kwenye bodi, kama Corolla na magari mengi madogo, inua kwa bodi na uache gurudumu lining'inie. Ikiwa springi, au tosheni ba (fimbo ya chuma inayojinyonga badala ya springi), imekalia amu ya chini, kama ilivyo kwa baadhi ya pikapu na vani, jeki iwe chini ya amu hiyohiyo, karibu na boljointi, ili uzito uiondokee. Ukiinua vani kama hiyo kwa chesisi, springi huisukuma boljointi ikabanwa, na boljointi iliyokufa kabisa itaonekana nzima. Makosa haya ndiyo yanayowafanya watu waambiwe "bol ziko sawa" na wiki inayofuata wavutwe na kamba.

Sasa shika tairi juu na chini. Sukuma juu huku unavuta chini, kisha kinyume chake. Ukihisi mchezo, yaani kuna kitu kimelegea na kinacheza, usiseme lolote bado. Mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu, kisha rudia. Mchezo ukipotea, ni bering, maana breki imeifunga habu na nako ziwe kitu kimoja. Mchezo ukibaki vilevile, unatoka kwenye boljointi au bushi za amu. Halafu shika kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo huwa ni wa tairodi endi au reki endi, viungo vya usukani, na unahesabiwa peke yake.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni mtaimbo. Uingize chini ya tairi na uinue kidogo kidogo, juu, chini, juu, chini, huku mwenzako amelala pembeni na tochi akitazama pale nako inapokutana na amu. Asitazame tairi, tairi linacheza kwa sababu nyingi. Aweke kidole cha shahada kwa nje, kiguse kikombe na nako kwa pamoja. Boljointi nzima, vyuma hivyo viwili hupanda pamoja. Iliyokufa, kimoja hutangulia na kingine hufuata, na kidole husikia "tk" hata pale macho yasipoona kitu. Rudia upande wa pili ulinganishe.

Mchezo gani umezidi? Kwa boljointi inayobeba uzito wa gari, watengenezaji wengine huruhusu mchezo mdogo unaopimwa kwa geji, na kiasi chake kimo kwenye kitabu cha gari husika. Kwa zile za magari ya springi ya shoki, ambazo hazibebi uzito bali zinaongoza tu, mchezo unaouona kwa macho maana yake imekwisha. Buti iliyopasuka nayo ni hukumu ya kifo hata kama hakuna mchezo. Kuna watu hupaka grisi juu na kufunga mfuko wa nailoni. Mchanga umeshaingia ndani, hautoki kwa grisi.

Na ukishauona huo mchezo, usivuke Daraja la Nyali na gari hilo kwenda kutafuta spea. Panda matatu. Shingo ikichomoka kwenye kikombe, gurudumu hulala chini ya mudigadi, usukani haukusikii tena, na mara nyingi drafti shafti na bomba la breki huharibika papo hapo. Katikati ya malori ya kontena yanayotoka Kilindini, huna nafasi ya kupepesuka.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chesisi, siyo na jina la gari tu. "Corolla" haimsaidii muuzaji. NZE121, mwanzo wa namba hiyo, inamsaidia, na namba yote kamili inamsaidia zaidi. Angalia pia jinsi boljointi ya gari lako ilivyofungwa, kwa kuwa ziko za aina nne hivi.

Kwa Corolla ya NZE121 na ndugu zake wengi, boljointi ni kipande cha pekee kinachofungwa kwenye amu kwa bolti na nati, unanunua hiyo tu. Magari mengine mengi madogo yana boljointi iliyobanwa kwenye amu, na amu huuzwa ikiwa kamili pamoja na bushi zake. Honda za zamani, kama Civic za miaka ya 1990, kikombe kimepigwa presi kwenye nako, kwa hiyo utapeleka nako yenyewe kwa mwenye presi. Subaru hugeuza mambo: upande wa nako ni kijiti kilichonyooka kinachobanwa na bolti moja, na kwa kutu ya pwani bolti hiyo hukatika kirahisi. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi.

Kuhusu eksi-Japani, yaani spea zilizotumika kutoka Japani, msimamo wangu ni huu: amu nyoofu ya eksi naikubali, boljointi ya eksi hapana. Imeshatembea huko ilikotoka na hujui imebakiza nini. Mpya za majina yanayojulikana, kama 555 ya Japani au CTR ya Korea, hufanya kazi vizuri, lakini boksi huigizwa, kwa hiyo kagua kilichomo. Shika shingo uizungushe kwa vidole. Inatakiwa iwe nzito na laini, iende bila kukwama na isidondoke yenyewe upande mmoja. Buti iwe imekazwa kwa pete juu na chini. Ndani ya boksi kuwe na nati mpya na splitpini yake, ile pini ya miguu miwili inayoizuia nati isifunguke. Shingo ikicheza kwenye kikombe ukiwa bado kaunta, irudishe palepale.

Ukiambiwa ya zamani inaweza kubanwa kwa presi au kuchomelewa ikaze tena, shukuru na uondoke. Itakaza kweli, kwa muda, kisha itaachia bila kugonga kwanza.

Kufungua na kufunga

Maelezo haya ni ya aina ya Corolla, ile ya kufungwa kwa bolti. Unahitaji spana ya nati za gurudumu namba 21, soketi na ring spana za 17 na 19, plaisi, nyundo ya uzito wa kutosha, mtaimbo, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, na ikiwezekana pula ya boljointi. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiipata hata ya kuazima, ichukue.

1. Legeza nati za gurudumu gari likiwa chini. Inua, weka stendi, toa gurudumu na ulisukume chini ya bodi, likae hapo kama akiba stendi ikiteleza.

2. Sugua kwa brashi ya waya na upulize mafuta kila nati utakayofungua. Kunywa chai. Kwa gari la pwani hatua hii ndiyo inayookoa bolti, na wanaoiruka ndio utawaona baadaye wakitafuta mtungi wa gesi.

3. Fungua linki ya stabilaiza upande huo. Usipofanya hivyo, ba inaivuta amu juu na utapigana nayo bure. Kama waya wa breki za ABS umepita karibu, utoe kwenye klipu zake.

4. Nyoosha splitpini na uitoe. Legeza nati ya meno iliyo kwenye shingo, lakini usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi chache ili vyuma visiruke vikiachana. Kwa baadhi ya Toyota nati hii imejibana chini ya drafti shafti na soketi haiingii kabisa. Tumia ring spana, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ikikataa, itabidi utoe nati ya habu, namba 30, usogeze shafti kando. Ukifika hapo usiivute shafti kwa nje, kwani sivi ya ndani huachana na utakuwa umejizalia kazi nyingine.

5. Sasa achanisha shingo na nako. Imekaa kwenye tundu la mshazari, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, kwa kubanwa, haitoki kwa kuvutwa. Pula ndiyo njia safi: ikaze mpaka ijae, kisha gonga ubavu wa nako mara moja, utasikia mlio mkali na itaachia. Bila pula, piga ubavu wa nako pale shingo inapopita, kwa nguvu na kwa kulenga, huku mtaimbo ukiivuta amu chini. Usipige nyuzi za shingo ukidhani utaisukuma itoke. Zitapanuka kama uyoga na nati haitatoka tena. Uma wa kupigilia nao hufanya kazi, ila huchana buti, kwa hiyo utumie kwa boljointi unayoitupa tu, siyo kwa tairodi endi unayoirudisha.

6. Malizia kutoa nati ya meno, kisha fungua bolti na nati mbili zinazoshika boljointi kwenye amu, bonyeza amu chini kwa mtaimbo, itoe. Mtu mmoja abonyeze, mwingine atoe. Vidole visiwe katikati ya amu na nako hata kidogo.

7. Kagua kabla ya kufunga mpya. Futa tundu la nako kwa kitambaa kikavu mpaka ling'ae. Ukiona limekuwa la yai, au lina ufa, nako hiyo haifai, kwa maana shingo mpya itacheza humo humo na mwaka hautaisha. Tundu lifungwe kavu. Wengi hupaka grisi hapo wakidhani wanasaidia, kumbe mshazari unashika kwa kukwaruzana chuma kwa chuma.

8. Ingiza boljointi mpya, shikisha bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kaza. Nati ya meno ikizungusha shingo badala ya kukaza, weka jeki chini ya boljointi na uinue kidogo ili mshazari ushike, halafu endelea. Kipimo cha toki cha kila nati kichukue kwenye kitabu cha gari lako. Vinatofautiana kati ya modeli na modeli, na hapa si mahali pa kukisia.

9. Tia splitpini mpya. Meno ya nati yasipolingana na tundu, kaza mbele mpaka yalingane. Usirudishe nyuma, hata kama ni kidogo tu. Kunja miguu ya pini vizuri isiguse shafti.

10. Rudisha linki, klipu za waya, gurudumu. Nati za gurudumu zikazwe kwa kukingamana, na mwisho kwa toki gari likiwa chini. Kwa Corolla na Toyota ndogo nyingi ni nyutoni mita 103.

Ikiwa ulibadilisha amu nzima, bolti za bushi zisikazwe mwisho gari likiwa juu. Zishikishe, shusha gari, litikise likae urefu wake wa kawaida, ndipo ukaze. Bushi iliyokazwa amu ikiwa inaning'inia hubaki imejipinda maisha yake yote, na hupasuka mapema.

Na kama gari lako ni la ile aina ya springi kukalia amu ya chini, yote haya yanafanyika jeki ikiwa chini ya amu, pamoja na stendi inayobeba gari, tangu mwanzo hadi mwisho. Springi hiyo imebana nguvu nyingi, na kinachoizuia isiruke ni boljointi unayoitoa. Kama huna uzoefu, hapa ndipo pa kumwachia fundi, na wewe ukae pembeni uhakikishe ameweka hiyo jeki.

Upande wa pili je? Upime kwa mtaimbo uleule. Ukiwa na mchezo au buti imechanika, badilisha siku hiyohiyo. Ukiwa mzima kabisa, mafundi wengi watakushauri ubadilishe zote mbili, na si ushauri mbaya kwa sababu zimetembea njia moja. Ila kama pesa ni ya mkopo, boljointi nzima si lazima itupwe. Ipime tena masika ikiisha.

Baada ya hapo zunguka mtaani polepole, pita tuta moja kwa mshazari, gurudumu moja moja, na ukate usukani mpaka mwisho pande zote. Kukiwa kimya, nenda kapime alaimenti, hasa kama tairi lilikuwa limeanza kulika. Ukishatembea kilomita 100 na ushei, tuseme Kilifi na kurudi, kagua tena nati za gurudumu na zile mbili za amu, na uchungulie kama pini iko mahali pake.